Geji inasema 32, lakini ya asubuhi au ya mchana? Mwongozo wa presha, joto na ujazo kwenye tairi na mtungi wa gesi

Tairi lile lile, bila kuguswa na mtu, hupimwa psi 32 (psi ni kipimo cha presha) alfajiri na karibu 37 mchana gari likitoka safari. Upepo uliomo ndani haujaongezeka hata kidogo. Kilichoongezeka ni joto. Dereva asiyelijua hilo huona 37 akashtuka, akaupunguza, na kesho yake anatembelea tairi lililolegea. Namba ya geji bila kujua joto la wakati wa kupima ni nusu ya habari. Hapa tunashughulika na nusu iliyobaki, kwanza kwenye matairi, kisha kwenye mitungi, ambako geji ina vituko vyake vingine.

Jaribio la dakika mbili

Nunua sirinji ya mililita 20 duka la dawa, itumie bila sindano. Vuta mpini mpaka 20, ziba mdomo kwa kidole gumba, kisha sukuma mpaka 10. Hewa ni ile ile, nafasi imebaki nusu, na presha imekuwa mara mbili. Jaribu kufika 5 uone mkono utakavyogoma: hapo presha ni mara nne. Ukiachia, mpini unarudi karibu na ulipoanzia, isipokuwa msuguano wa mpira huuzuia kidogo. Mwanasayansi Robert Boyle aliichapisha kanuni hiyo mwaka 1662, na haijabadilika.

Sasa upande wa joto. Chukua chupa ya maji ya plastiki iliyo tupu, ifunge kifuniko barabara, ilaze kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utaikuta imenywea. Hewa ya ndani imepoa, presha yake imeshuka, na hewa ya nje ikaibana chupa. Plastiki ni laini ndiyo maana ujazo umepungua. Tairi lina nyuzi na waya za chuma ndani ya mpira, ujazo wake haubadiliki kwa kiasi cha kutajwa, kwa hiyo badiliko lote la joto linaonekana kwenye presha.

Hesabu, na makosa mawili yanayoiharibu

Geji husoma sifuri tairi likiwa tupu, ingawa hewa ya kawaida inayotuzunguka tayari ina presha yake: psi 14.7 usawa wa bahari. Vivyo hivyo, nyuzi sifuri za Selsiasi si mwisho wa ubaridi; mwisho wenyewe uko nyuzi 273 chini zaidi. Kwa hiyo:

1. Namba ya geji, ongeza 14.7.
2. Joto la kwanza na joto la pili, kila moja liongezee 273.
3. Zidisha presha uliyopata kwa joto la pili, gawanya kwa joto la kwanza.
4. Toa 14.7. Hiyo ndiyo namba geji itakayoonyesha.

Mfano: psi 32 kwenye nyuzi 25, tairi likipata moto mpaka nyuzi 55. 32 na 14.7 ni 46.7. Mara 328, gawanya kwa 298, unapata 51.4. Toa 14.7, inabaki 36.7. Ukisahau hatua ya kwanza utapata 35.2, kosa dogo lakini kosa. Ukisahau ya pili utapata namba ya kutisha, 88, na ndipo hofu ya "tairi litapasuka kwa joto" inapopata nguvu.

Kwa kichwa, bila karatasi: tairi la gari dogo hupanda kama psi 1.6 kwa kila nyuzi 10. Tairi la lori linalojazwa 110 hupanda zaidi ya 4 kwa nyuzi hizo hizo, kwa sababu badiliko linafuata presha yote. Lori lililoanza safari na 110 kwenye nyuzi 25 litasoma 122 au 123 tairi likifika nyuzi 55, na hakuna kilichoharibika.

Kupima na kujaza

Kabla ya yote, namba sahihi inapatikana wapi? Fungua mlango wa dereva utazame stika kwenye nguzo. Magari mengine huiweka ndani ya kifuniko cha tanki la mafuta. Pikipiki nyingi huwa nayo karibu na mnyororo. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi, yenye neno MAX, ni kikomo cha tairi lenyewe na haihusiani na gari lako. Anayejaza kwa kuifuata hiyo anajaza kupita kiasi.

Magari yaliyotumika Japani, ambayo ndiyo mengi barabarani kwetu, stika zake huandika kPa. Gawanya kwa 6.9 upate psi: 220 ni 32, 230 ni 33, 240 ni 35. Ukikuta 2.2 kwenye stika hiyo hiyo, ni kilo kwa sentimita ya mraba, na ni karibu sana na bar 2.2 (bar ni kipimo kingine cha presha).

1. Pima tairi likiwa baridi. Baridi hapa maana yake gari limesimama saa tatu au zaidi, au halijatembea zaidi ya kilometa moja na nusu. Alfajiri kabla jua halijapiga ndiyo saa nzuri. Gari lililoegeshwa jua likipiga upande mmoja litakudanganya: tairi la juani likiwa na nyuzi 40 na la kivulini 25, tofauti ni psi 2 na zaidi, na utadhani moja linavuja.
2. Tumia geji yako mwenyewe. Ya mtaani imeanguka mara mia. Geji isiyo sahihi lakini isiyobadilika bado ina faida, kwa sababu inakuonyesha tofauti ya wiki hii na iliyopita.
3. Toa kifuniko cha valvu, kandamiza geji wima na kwa haraka. Ukisikia inapuliza, haijakaa sawa, rudia. Kila kupima hutoa hewa kidogo. Kwenye gari hutaiona, lakini tyubu ya baiskeli ina ujazo mdogo na ukipima mara tatu ovyo umeshapoteza kitu.
4. Jaza upite kidogo, psi 1 hivi, halafu punguza mpaka namba ya stika. Ukibeba abiria na mizigo kamili, fuata namba ya mzigo kama stika imeitaja.
5. Pakaza povu la sabuni kwenye mdomo wa valvu. Kipovu kikikua, kichuma cha katikati kimelegea au kimekula uchafu. Kifuniko kirudishwe, kazi yake ni kuzuia mchanga.
6. Spea nayo. Ile nyembamba ya muda huhitaji psi 60, na ndiyo inayosahaulika zaidi ya zote.
7. Andika namba nne na saa uliyopima.

Maandishi hayo ndiyo yatakayokupa jibu siku moja. Matairi manne yakishuka pamoja kwa kiasi kile kile, chanzo ni joto: ukijaza 32 mchana wa nyuzi 33, alfajiri ya nyuzi 19 yote yatasoma 30. Likishuka moja peke yake, mtafute fundi pancha. Kushuka kwa psi 1 hadi 2 kwa mwezi kwenye matairi yote ni kawaida, hewa hupenya kwenye mpira polepole.

Tairi la moto usilipunguze upepo

Hapa ndipo ushauri wa barabarani unapokwenda kombo. "Leo jua kali, punguza upepo lisipasuke." Fanya hesabu. Tairi lile la 36.7 kwenye nyuzi 55, ukilipunguza mpaka 32 hapo hapo, likipoa mpaka nyuzi 25 litasoma karibu 28. Umelinyima psi 4, na kesho linaanza safari hivyo.

Tairi zima la gari dogo halipasuki kwa kupanda psi 5. Watengenezaji wake wamekadiria kupanda huko, ndiyo maana namba ya stika ni ya tairi baridi. Kinacholipasua mara nyingi ni upepo mdogo pamoja na mzigo na mwendo. Tairi lililolegea hubonyea kila linapogusa lami na kunyooka linapoinuka, mamia ya mara kwa dakika. Kukunjwa huko huzalisha joto ndani ya mpira wenyewe. Mpira hauachii joto upesi, gundi inayoshika waya inalegea, tabaka zinaachana, halafu unasikia kishindo. Watu wanaona jua, wanaona lami inayowaka, wanalaumu upepo mwingi, wakati ushahidi uko kwenye kashata, yaani meno ya tairi yanayogusa barabara: tairi lililoishi na upepo mdogo limelika pembeni zote mbili, la upepo mwingi limelika katikati.

Kama umefika kituo tairi lina moto na geji inaonyesha pungufu ya stika, basi lina upungufu kweli. Jaza mpaka psi 4 juu ya stika, na upime tena asubuhi. Kama linaonyesha zaidi ya stika, liache.

Onyo kwa malori: tairi lililotembea likiwa na upepo mdogo sana, lenye moto wa kutoshikika, lisijazwe pale pale. Huenda waya zimeshakatika ubavuni. Livuliwe, lipoe, lichunguzwe ndani, na likijazwa liwe kwenye kizimba cha chuma, mjazaji akiwa amesimama kando na si mbele ya ubavu wa tairi.

Mombasa kwenda Nairobi

Swali la wasafiri: ukipanda bara, upepo ubadilishwe? Nairobi iko karibu meta 1,700 juu ya bahari, na hewa ya nje huko ina presha ya psi 12 hivi badala ya 14.7. Geji hulinganisha ndani na nje, kwa hiyo tairi lililojazwa pwani litasoma karibu 2.7 zaidi likifika juu, joto likiwa sawa. Lakini Nairobi pia ni baridi. Jaza 32 Mombasa kwenye nyuzi 30, pima Nairobi alfajiri kwenye nyuzi 15: 46.7 mara 288 gawanya kwa 303 ni 44.4, toa 12, inabaki 32.4. Mwinuko umepandisha, ubaridi umeshusha, na wawili hao wakamalizana. Hakuna cha kubadilisha. Ukifanya hesabu ukiwa huko juu, kumbuka tu kuongeza na kutoa 12, si 14.7.

Pakiti ya krispi haina bahati hiyo. Ni laini, haina waya, kwa hiyo huvimba kadiri unavyopanda, na chupa tupu iliyofungwa kule juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro itashuka Moshi imebonyea.

Pampu, kompresa na naitrojeni

Tairi la gari dogo lina ujazo wa takriban lita 30. Kutoka 20 kwenda 32 unahitaji hewa ya nje lita 30 mara 12 gawanya kwa 14.7, yaani karibu lita 25. Pampu ya mguu inayosukuma nusu lita itataka mikanyago 50 kwa hesabu, 60 au zaidi kwa uhalisia, kwani hewa kidogo hubaki kwenye mpira wa pampu kila mara. Ukikanyaga 100 na geji haijasogea, acha kujitesa: washa ya pistoni imeisha au kichwa hakijakaa kwenye valvu.

Pampu hupata moto upande wa chini. Si msuguano tu. Hewa inayobanwa haraka hupanda joto yenyewe. Ndiyo maana tairi lililojazwa kwa kompresa kwa pupa hushuka kidogo likitulia, hasa tyubu ndogo ya pikipiki. Subiri dakika kumi upime tena. Kwa mwenye kompresa: hewa hiyo ya moto ikipoa ndani ya tanki huacha maji, zaidi pwani kwenye unyevu. Fungua bomba la chini ya tanki kila jioni. Usipofanya hivyo, tanki linaliwa na kutu kwa ndani na maji yanaingia kwenye matairi ya wateja.

Naitrojeni inayouzwa kwa bei ya ziada? Hewa ya kawaida ni asilimia 78 naitrojeni tayari, na inapanda kwa joto kwa kanuni ile ile. Faida yake halisi ni ukavu, pamoja na kupenya mpira polepole kidogo. Kupima kila wiki mbili kuna faida kubwa kuliko hiyo, na ni bure.

Mtungi wa gesi asilia wa gari

Dar es Salaam kuna bajaji na teksi nyingi zinazotumia gesi asilia iliyobanwa, na lalamiko ni moja: "Nimejaziwa bar 200, nimefika nyumbani inasoma 185, nimepunjwa." Mara nyingi hukupunjwa. Kujaza kwa haraka kunaipasha gesi moto ndani ya mtungi, kama ilivyo kwenye pampu. Ikiwa ilifika nyuzi 50 ikipimwa bar 200, ikipoa mpaka 30 hesabu yetu inatoa bar 188 hivi (hapa unaongeza na kutoa bar 1, ambayo ndiyo hewa ya nje), na methani kwenye presha kubwa namna hiyo hushuka zaidi kidogo ya hesabu. Kilo ulizolipia zimo.

Kwa hiyo fuatilia kilo kwenye risiti, si bar. Jaza asubuhi mtungi ukiwa haujapigwa na jua, utaingiza kilo zaidi kwa presha ile ile. Usimshawishi mjazaji apitishe kiwango ili "ikipoa ikae 200". Mtungi umetengenezwa kwa bar 200 ikiwa nyuzi 15, na akiba iliyopo juu ya hapo ni ya kuhimili jua, si ya kuongezea safari.

Jambo moja la kushika kabla ya kuingia jikoni: kwenye mtungi huu yote yaliyomo ni gesi, kwa hiyo bar 100 ni takriban nusu ya mzigo.

Mtungi wa jikoni hauko hivyo

Gesi ya kupikia ni propani na butani zilizogeuzwa kimiminika. Tikisa mtungi usikie. Juu ya kimiminika kuna mvuke, na presha ya mvuke huo inafuata joto la kimiminika, bila kujali kimebaki kingi au kidogo. Mtungi uliojaa na wenye robo, vikiwa chumba kimoja na mchanganyiko ule ule, geji itasoma karibu sawa. Wale wanaouza geji ya kuonyesha "gesi imebaki kiasi gani" wanakuuzia kipimajoto. Sindano itashuka pale tu kimiminika kinapokwisha, na hapo chai yako imeshakata moto.

Njia ya kweli ni mizani:

1. Tafuta namba ya mtungi mtupu kwenye shingo au mkono wa mtungi, imeandikwa TW au TARE.
2. Vua regulata, weka mtungi kwenye mizani.
3. Toa. Mizani ikisema 21.1 na TW ni 13.6, una kilo 7.5, nusu ya mtungi wa kilo 15.
4. Kichomeo kikubwa cha kilowati 2.5 kikiwaka chote hula karibu gramu 200 kwa saa. Kilo 7.5 ni saa 37 hivi za moto mkubwa.

Fanya hivyo hivyo dukani kabla ya kulipa.

Kuhusu joto, mtungi huu ni mkali kuliko tairi. Gesi tupu iliyofungiwa, ikitoka nyuzi 20 kwenda 40, presha yake kamili hupanda chini ya asilimia 7. Propani yenye kimiminika chake hutoka karibu bar 8.4 kwenda 13.7 kwa nyuzi hizo hizo, zaidi ya asilimia 60. Kimiminika nacho hutanuka, ndiyo maana mtungi haujazwi zaidi ya asilimia 80 hadi 85. Nafasi ile ya juu ni ya kutanukia. Anayehamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo uani hana namna ya kujua nafasi hiyo imebaki kiasi gani. Mtungi uliojaa kimiminika mpaka juu, jua likiupata, hauna pa kutanukia.

Moto ukififia huku mizani inasema gesi ipo, tazama nje ya mtungi. Ukiona umande au barafu nyembamba, kimiminika kinageuka mvuke haraka kuliko kinavyopata joto kutoka nje, kinapoa, presha inashuka. Hutokea kwa mama lishe anayewasha vichomeo vikubwa viwili kwenye mtungi wa kilo 6. Sehemu za baridi kama Njombe au Limuru huongezeka jingine: propani hutangulia kutoka, mwishoni inabaki butani nyingi, nayo karibu na nyuzi sifuri haitoi mvuke wa maana. Punguza moto au tumia mtungi mkubwa zaidi. Usiupashe moto, na usiulaze: ukilazwa, kimiminika huingia kwenye regulata, na lita moja yake ikitoka inakuwa karibu lita 250 za gesi, nzito kuliko hewa, inayotambaa sakafuni kutafuta cheche. Kivujo kitafutwe kwa povu la sabuni. Kiberiti kikae mbali.

Kopo la dawa ya mbu ya kupuliza ni mtungi mdogo wa aina hiyo hiyo. Limeandikwa lisizidi nyuzi 50, na dashibodi ya gari lililofungwa juani hupita hapo.

Kizima moto nacho hufuata mgawanyo huu. Cha unga husukumwa na gesi isiyo na kimiminika, kwa hiyo mara nyingi kina geji yenye eneo la kijani. Cha kaboni dayoksaidi hakina geji kabisa, kwa kuwa ndani kuna kimiminika, na stoo ikizidi nyuzi 31 hata kimiminika hicho hakiwezi kuwepo. Hicho hupimwa kwa mizani: kikipoteza zaidi ya asilimia 10 ya gesi yake, kirudishwe kikajazwe.